Kufunga biashara Kigoma na kurudi kwenye ajira: karatasi kwanza, maombi baadaye

Mtu aliyeuza vipuri vya pikipiki Mwanga kwa miaka kumi na tano, au aliyekuwa na karakana ya kuchomelea Ujiji, akiamua kutafuta kazi ya mshahara huanza na barua ya maombi. Anapiga nakala za vyeti, anapanda gari la Kasulu, anagonga ofisi tatu. Akibahatika kuitwa, anaulizwa ushahidi wa uzoefu, wadhamini watatu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN) na namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF). Hapo TIN inaonekana ina deni la kodi iliyokadiriwa kwa mwaka mzima wa biashara aliyokwisha kuifunga, na ushahidi pekee wa miaka kumi na tano ni bango lililong'olewa.

Mpangilio unaofaa ni wa kinyume. Funga biashara kwenye makaratasi, hesabu michango yako, geuza miaka ya biashara kuwa uzoefu unaosomeka, ndipo upeleke maombi. Jipe miezi mitatu, na miezi hiyo ianze wakati biashara bado iko wazi.

Posho ya aliyefunga duka haipo

Tuseme hili mapema kwa sababu limewapotezea watu wengi nauli. Tanzania haina posho ya kumlipa aliyejiajiri kwa kuwa tu amefunga biashara. Fao la kukosa ajira lipo NSSF, lakini ni la mwajiriwa aliyeondolewa kazini. Sharti awe amechangia angalau miezi 18 na asiwe ameacha kazi kwa hiari yake, na analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Wewe uliyeteremsha shata mwenyewe hukuachishwa na mtu. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, nayo haikuwekwa kwa wanaotafuta kazi. Inahudumia kaya maskini zinazotambuliwa na jamii yenyewe katika mkutano wa kijiji au mtaa.

Kwa hiyo pesa ya kukuvusha itatoka kwenye biashara yenyewe: mzigo uliobaki, vifaa, na daftari la madeni. Anza na daftari. Habari za kufunga zikishasambaa, wadaiwa wengi hupunguza kasi, wakijua hawatakuhitaji tena kwa mkopo wa kesho. Kwa hiyo pitia kila jina wiki sita kabla ya kutangaza. Deni kubwa liandikiwe makubaliano yenye tarehe za malipo, saini za pande mbili na shahidi, na muhuri wa ofisi ya mtaa. Wakati huohuo acha kuagiza bidhaa zinazokaa sana. Kama ulichukua mali kauli (bidhaa za kulipia baada ya kuuza), mrudishie msambazaji mzigo mzima ungali kwenye maboksi. Msambazaji uliyeachana naye vizuri ni mdhamini mzuri kwenye wasifu wako, na huyo utamhitaji.

Ukiwa na wasaidizi dukani, nao wana haki zao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili taarifa ya siku 28 au malipo badala yake. Aliyemaliza miezi kumi na miwili mfululizo anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi. Waandikie na cheti cha utumishi. Huwezi kwenda kudai haki hizo kwa mwajiri wako mpya huku umewanyima wa kwako.

TRA: hapa ndipo watu wanaponasa

Kufunga mlango hakusimamishi kodi. Makadirio yako yanaendelea kuhesabiwa kila robo mwaka, yaani 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, mpaka TRA, mamlaka ya mapato, ijue rasmi kwamba umeacha. Chukua mfano wa mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 10 kwa mwaka. Asiyetunza kumbukumbu hukadiriwa 250,000, sawa na 62,500 kwa robo. Anayetunza kumbukumbu hulipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kila kinachozidi milioni 7, jumla 180,000. Ukinyamaza mwaka mmoja na nusu, unajijengea deni la robo sita, juu yake riba na adhabu, kwa biashara isiyouza hata kiberiti.

Andika barua kwa Meneja wa TRA wa mkoa. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye TIN, namba ya TIN yenye tarakimu tisa, mahali biashara ilipokuwa, tarehe kamili ya kuacha na sababu. Ambatisha nakala ya leseni ya mwisho, risiti za malipo za mwaka huo, na barua ya mtendaji inayothibitisha kwamba eneo limefungwa. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua isiyo na muhuri haitakusaidia afisa akihamishwa.

Tarehe ya kufunga ichague kwa akili. Ukifunga mwanzoni mwa Aprili ukiwa umelipa robo ya Machi, omba makadirio yarekebishwe kabla ya 30 Juni. Ukisubiri hadi Julai, robo ya pili imeshaiva. Wasilisha pia ritani (taarifa ya mapato) ya mwisho hata kama hakuna kodi ya kulipa.

Mwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki, ana hatua ya ziada. Mashine imesajiliwa kwa TIN yako, kwa hiyo usimwachie mpangaji mpya wa fremu wala usiiuze kwa jirani. Kila risiti itakayotoka humo inahesabika kuwa mauzo yako. Toa Z ripoti (ripoti ya mauzo ya siku) ya mwisho, iarifu TRA, na mashine izimwe kupitia wakala aliyeisajili. Vitabu na risiti vitunze miaka mitano.

TIN yenyewe haifi na wala usifungue nyingine. Ni ya mtu mmoja maisha yote, na mwajiri ataihitaji kwenye kodi ya mshahara. Unachoomba ni kuondolewa upande wa biashara.

Yaliyobaki ni mafupi. Leseni ya biashara hudumu miezi 12 tangu ilipotolewa, kwa hiyo mwandikie Afisa Biashara wa halmashauri kwamba hutaihuisha, na lipa ushuru wa huduma kama unadaiwa. Jina la biashara liombewe kufutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, maana ada ya kila mwaka huendelea kujilimbikiza. Kama una mkopo wa benki au wa kikundi, zungumza na waliokukopesha kabla ya rejesho la kwanza kukwama. Taarifa za mikopo mibovu zinaonekana kwa benki nyingine, na benki nazo ni waajiri.

Hesabu miezi yako NSSF

Kama ulikuwa unachangia kwa hiari, nenda ofisi ya NSSF ukachukue taarifa ya michango yako na uisome mwezi kwa mwezi. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, sawa na miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni kuanzia miaka 55, kwa lazima ni miaka 60. Miezi uliyochangia ukiwa umejiajiri na ile utakayochangia ukiwa umeajiriwa inaungana, mradi utumie namba ileile ya uanachama.

Kosa kubwa liko hapo. Mwajiri mpya anakupa fomu, unajaza kama mgeni, na unapewa namba ya pili. Miaka kumi baadaye una akaunti mbili zenye majina yaliyopishana herufi moja, na kuziunganisha kunakula miezi. Siku ya kwanza kazini mpe mwajiri namba yako ya zamani kwa maandishi.

Fanya hesabu kwa umri wako. Mwenye miaka 45 na miezi 72 ya michango amebakiza miezi 108, sawa na miaka tisa ya kazi isiyokatika. Atatimiza akiwa na 54. Mwenye miaka 50 ambaye hajachangia hata mwezi mmoja atakuwa na miezi 120 tu akifika 60, na mfuko utamlipa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi. Bado mkupuo huo una faida, lakini ni bora ajue sasa kuliko kusikia dirishani.

Kuna jambo moja ambalo naona halisemwi vya kutosha. Pensheni hukokotolewa kwa idadi ya miezi pamoja na wastani wa kipato cha miaka mitatu iliyo bora. Waliojiajiri wengi huchangia kiwango cha chini kabisa. Mtu kama huyo akipata ajira ya laki tano au sita katika miaka yake ya hamsini, miaka michache hiyo inaweza kupandisha pensheni ya maisha yote. Kwa mtu wa umri huo, kazi yenye michango halali ina thamani kuliko kazi yenye laki moja zaidi mkononi isiyo na NSSF.

Michango haitolewi kwa kuwa umechoka kuchangia. Fao la kujitoa liliondolewa kwa sheria ya 2018, na anayekuambia anaweza kukutolea pesa hizo kwa asilimia fulani anakuibia.

Miaka ya biashara iwe uzoefu

Neno "nimejiajiri" peke yake kwenye CV halimwambii mwajiri chochote. Linaweza kuwa la muuza karanga au la mtu aliyeendesha mzigo wa milioni mia. Wengine hukimbilia upande wa pili na kujiita "Mkurugenzi Mtendaji" wa fremu moja. Anayesoma anacheka, kisha anaweka pembeni. Andika kazi uliyoifanya, mahali na miaka: "Mmiliki na msimamizi wa duka la vipuri vya pikipiki, Mwanga, Kigoma, 2009 hadi 2024." Chini yake weka mistari minne au mitano yenye namba. Ulisimamia aina ngapi za bidhaa? Ulihesabu stoo kila baada ya muda gani? Wasaidizi walikuwa wangapi? Mzigo ulitoka wapi, kwa treni au kwa lori, na ulichukua siku ngapi? Upotevu uliudhibiti vipi?

Kisha jiulize kazi unayoiomba inaitwaje upande wa pili. Mwenye duka la jumla tayari ni mtunza stoo, mnunuzi na mkusanya madeni. Mama aliyepikia watu themanini kwa siku Kibirizi ni msimamizi wa jiko la shule au hosteli. Mwenye boti ya mizigo ziwani anajua ratiba, mafuta, usalama na makaratasi ya bandari. Mnunuzi wa mawese aliyezunguka vijijini anajua kupima ubora na kulipa wakulima wadogo, na hiyo ndiyo kazi ya afisa wa ununuzi wa kampuni au wa chama cha ushirika. Chagua moja. Wasifu unaotaja yote manne unaonekana wa mtu asiyejua anachotaka. Kurasa mbili zinatosha.

Ushahidi uandae kwenye bahasha moja: nakala za leseni za biashara za miaka tofauti, cheti cha TIN, mkataba wa fremu, taarifa ya benki au ya pesa za simu, ankara za wasambazaji, na barua ya taasisi yoyote uliyowahi kuiuzia. Kama shule au zahanati ilinunua kwako kwa hati ya ununuzi, itafute hati hiyo hata kama ni ya zamani. Wadhamini watatu wawe watu wasio ndugu. Msambazaji, afisa wa benki aliyehudumia akaunti yako na mkuu wa taasisi iliyokuwa mteja wanatosha. Wapigie kabla ya kuandika majina yao, uwaambie ni kazi gani unaomba. Mdhamini anayeshtukizwa na simu huwa anajibu kwa mashaka.

Mafundi wana njia yao, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anajiandikisha, anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya mtathmini, anajazwa mapengo yanayoonekana, kisha anapewa cheti. Wanaoanguka mara nyingi hawaangushwi na mkono. Wanaangushwa na usalama kazini, kusoma mchoro na majina rasmi ya vifaa. Fundi wa kuchomelea miaka ishirini anakuja bila miwani ya kinga, na alama zinaondoka kabla cheche haijatoka. Ulizia chuo cha VETA Kigoma tarehe za tathmini mapema, kwa sababu hazifanyiki kila mwezi.

Kazi ziko wapi

Ajira za serikali hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, Ajira Portal. Matangazo yake kwa kawaida hutaka Mtanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, kwa hiyo aliyevuka asipoteze muda huko. Vyeti vinavyokubalika ni vyeti halisi. Hati za matokeo na matokeo ya muda hukataliwa. Jina likipishana kati ya cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili kabla ya tangazo kutoka, maana baadaye hutapata muda. Barua ya maombi isainiwe kwa mkono ndipo iskaniwe. Skani za steshenari zilizopinda, zenye kivuli cha kidole, zimeangusha watu wenye sifa kamili. Dereva aliyekuwa na Hiace yake aangalie kwa makini: tangazo la Dereva Daraja la II huomba cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C, cheti cha mafunzo ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa, na uzoefu wa mwaka mmoja bila ajali. Uzoefu anao, cheti cha mafunzo ndicho kinachokosekana.

Kasulu na Kibondo wengi huwaza mashirika ya kambi za wakimbizi. Kazi hizo hulipa vizuri lakini zimefungwa na mradi. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa 2021, na ajira zake zikaondoka nayo. Ukipata mkataba huko, hesabu miezi yake tu. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Miradi ya namna hiyo inahitaji watunza stoo, madereva, wapishi na walinzi, mbali na vibarua. Barua ya utambulisho ya mtendaji ni muhimu hapo. Halafu kuna waajiri ambao hawabandiki tangazo popote: wauzaji wa jumla, shule binafsi, hoteli, SACCOS, vyama vya ushirika vya kahawa. Hao huajiri kwa kuulizana, na wewe uliyefanya biashara mjini humo unafahamika kwao. Wapelekee wasifu mkononi asubuhi ya katikati ya wiki. Jumatatu na siku ya gulio hawana nafasi ya kukusikiliza.

Usilipe mtu. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure, huduma za TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kwa mtafuta kazi ni bure, na mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi pesa katika hatua yoyote. Ujumbe wa WhatsApp unaodai "ada ya fomu" ya elfu thelathini ni wa matapeli, hata ukiwa na nembo.

Kwenye usaili utaulizwa, "Mzee wangu, umezoea kuwa bosi, leo utakubali kutumwa na kijana?" Usijitetee kwa maneno mengi. Mwambie nani alikuwa juu yako hata ulipokuwa na duka: msambazaji mwenye masharti yake, benki yenye tarehe zake, mkaguzi wa kodi. Ukiulizwa kwa nini umefunga, sema sababu moja ya kweli kwa sentensi moja. Usiilaumu serikali, wala majirani, wala mke au mume.

Mshahara na mkataba

Usilinganishe mshahara na mauzo ya duka. Linganisha na kilichobaki baada ya kodi ya fremu, umeme, nauli ya mzigo na mshahara wa msaidizi, ukigawa kwa miezi kumi na miwili pamoja na ile mibaya. Kisha jua kinachokatwa. Mshahara wa 400,000: NSSF ya mfanyakazi asilimia 10 ni 40,000, inabaki 360,000. Kodi ya asilimia 8 inahesabiwa kwa kinachozidi 270,000, yaani 7,200. Mkononi ni 352,800. Mshahara wa 600,000: NSSF 60,000, kodi 24,000 kwa kuwa sehemu ya juu hukatwa kwa asilimia kubwa zaidi, mkononi 516,000. Mwajiri naye anachangia asilimia 10 yake NSSF, na analipia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kukukata wewe. Ukiumia kazini unafidiwa. Ulipokuwa na karakana yako mkono uliokatika ulikuwa shida yako mwenyewe.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye cheo, mshahara, saa za kazi na tarehe ya kuanza. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Miezi sita ya mwanzo iangalie sana, kwa sababu ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya muda huo. Baada ya hapo, ukiachishwa bila haki una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Ukifikisha mwezi wa nne kazini, rudi NSSF uombe taarifa ya michango. Kuna waajiri wanaokata kwenye karatasi ya mshahara na hawapeleki. Ukikuta miezi mitatu mitupu, peleka nakala za karatasi zako za mshahara kwa afisa wa mfuko. Kudai michango hiyo kwa mwajiri ni kazi ya mfuko, na ni rahisi zaidi kudai miezi mitatu kuliko miaka mitatu.